Mwaka mmoja katika zahanati ya kijiji: huduma inayomkumbuka mjamzito na kumsahau mwenye presha

Tathmini hii inatokana na mahudhurio kumi na moja ambayo nilimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, katika zahanati ya serikali ya kijijini kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, pamoja na safari mbili za kwenda katika kituo cha afya tulikopewa rufaa. Mimi ninaishi mjini, na kwa mwaka mzima, isipokuwa mwezi Aprili barabara ilipokatika kwa mvua, nilipanga likizo na ruhusa zangu ziangukie siku zake za kurudi kuchukua dawa. Zahanati yenyewe sitaitaja kwa jina. Watumishi wake watatu wanabeba kazi ambayo ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kuwapo, ingetaka ibebwe na watu wengi zaidi, na ninaamini kwamba yale niliyoyaona yangeonekana vivyo hivyo katika zahanati nyingi ambazo sijawahi kufika.

Nitasema mapema ninavyoipima huduma hii. Kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano, zahanati yetu ni mahali pa kuaminika, na ningempeleka dada yangu pale bila wasiwasi. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa kuishi nao, kama vile presha au kisukari, ni mahali ambapo kila anapoingia huanza upya, kana kwamba hajawahi kuonekana. Watumishi waliotuhudumia ni wale wale katika pande zote mbili, wenye roho ile ile na uchovu ule ule. Kinachotofautiana ni kumbukumbu: upande mmoja umepewa vitabu vinavyomfuata mgonjwa mwezi hadi mwezi, na upande mwingine haukupewa.

Ni vyema kukumbuka kwanza zahanati hizi zilikotoka, kwa sababu si haki kuzilaumu bila kuona njia ziliyopita. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilielekeza nguvu kubwa katika huduma za vijijini, na mataifa yalipokutana Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) mwezi Septemba 1978 na kukubaliana juu ya huduma za afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari inajenga zahanati na kuwafundisha waganga wa vijijini. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya katika miaka ya 1980, majengo yalibaki na dawa zikapungua, na kuanzia 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali, utaratibu ambao baadaye ulishuka hadi ngazi za chini. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule ambao wengi tuliujua kwa ufupisho wa MMAM, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Zahanati yetu ni tunda la kipindi hicho. Tofali tulifyatua wenyewe, mawe na mchanga tulisomba wenyewe, kisha halmashauri ikaezeka na kumalizia. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba maji ya ujenzi, na hilo hulitaja kila tunapokaribia lango, kwa sauti ya mtu anayekwenda mahali pake.

Mapokezi yanastahili sifa. Tulifika mara nyingi kabla ya saa mbili asubuhi, na mara zote isipokuwa moja mlango ulikuwa wazi kwa wakati. Sakafu ilikuwa imedekiwa, ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa imejazwa, na choo kilikuwa safi kuliko vyoo vya stendi nyingi za mabasi ninazopita. Ukutani kuna tangazo linalowataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza, na tangazo hilo linaheshimiwa: muuguzi akimwona mama husimama, humwamkia shikamoo, na kumwelekeza kwenye benchi lililo karibu na chumba cha tabibu. Kwa wastani tulisubiri chini ya saa moja. Nimesubiri zaidi ya hapo katika hospitali binafsi za mjini ambako hata kiti cha kusubiria kimo ndani ya bei.

Nikiwa pale benchini nilipata muda wa kutazama upande wa huduma za mama na mtoto, na kwa kweli niliona kazi iliyopangwa vizuri. Mjamzito anapofika kwa mara ya kwanza hupewa kadi, na jina lake huandikwa katika kitabu cha 6 cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Utoaji wa Huduma za Afya, ambamo mahudhurio yake yote ya ujauzito huo hukaa katika mstari mmoja unaoenea upande hadi upande wa kurasa mbili. Muuguzi akitupa jicho tu anajua nani amepimwa damu, nani amepata vidonge vya madini ya chuma, na nani hakuja mwezi uliopita. Akijifungua, taarifa zake huingia katika kitabu cha 12, na mtoto hufunguliwa kadi yake na mstari wake katika kitabu cha 7. Siku moja nilimsikia muuguzi akimwagiza mwanamke aliyekuja kuchanja mtoto: "Mwambie jirani yako mama Neema, tarehe yake ilipita juzi, nisije nikamfuata mimi." Alilisema hilo bila kufungua kompyuta yoyote, akiwa ameweka kidole chake kwenye mstari wa kitabu.

Matunda ya mpangilio huo yanaonekana hata kitaifa. Utafiti wa hali ya afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanawake wanaojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81 kati ya tafiti hizo mbili. Kuna mengine yaliyosaidia, ikiwa ni pamoja na kuongezeka kwa vituo vinavyofanya upasuaji wa dharura na mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo humpatia mjamzito au mtoto mchanga usafiri wa dharura, hata ikibidi kukodi gari la mwenyeji kijijini. Lakini gari linapoitwa, linaitwa na mtu anayejua kwamba kuna mama fulani, katika kitongoji fulani, mwenye mimba ya wiki kadhaa na historia ya kutoka damu nyingi. Ujuzi huo umo kitabuni kabla ya siku ya hatari.

Sasa nieleze upande wa wagonjwa wa nje, ambao ndio uliotuhusu. Kitabu chake ni cha 5. Kila anayeingia huandikwa mstari mmoja: jina, umri, makazi, ugonjwa, dawa aliyopewa. Kesho akirudi huandikwa mstari mwingine, kurasa kadhaa mbele, katikati ya watoto wenye kikohozi na wakulima waliokatwa na majembe. Kitabu hiki ni kizuri kwa kuhesabu. Mwisho wa mwezi zahanati inaweza kuieleza halmashauri imeona wagonjwa wangapi wa malaria na wangapi wa kuhara, na hesabu hiyo ina maana kubwa katika kuagiza dawa. Lakini hakuna mtu anayeweza kukifungua na kuona kwamba mama yangu alikuwa na presha ya 178/104 mwezi Januari, kwamba alianzishiwa dawa gani, na kwamba mwezi Aprili hakuonekana kabisa.

Kumbukumbu pekee ya ugonjwa wa mama ni daftari la shule la kurasa 40 ambalo tulilinunua dukani siku ya kwanza, kama wanavyofanya wagonjwa wengine wote. Tabibu huandika humo anachokiona, na mgonjwa huenda nalo nyumbani. Daftari hilo huwekwa chini ya godoro, huloana, hupotea, na mara nyingine mjukuu huchana ukurasa wake wa kati. Nilikutana na mzee mmoja ambaye daftari lake lilikuwa la tatu, na alipoulizwa dawa alizokuwa akitumia mwaka uliopita alionyesha kwa vidole ukubwa wa kidonge na kutaja rangi yake. Tabibu alimsikiliza kwa subira, kisha akaanza upya. Sikuona namna nyingine ambayo angeweza kufanya.

Kwa mama yangu, kuanza upya kulitokea hivi. Januari tabibu alimpima, akampumzisha, akampima tena, akamweleza kwa Kiswahili rahisi kwamba ugonjwa huu hauumi lakini unaharibu moyo, figo na mishipa ya kichwani, akampa vidonge vya bendrofluazaidi na kumtaka arudi baada ya mwezi. Ilikuwa huduma nzuri sana, na niliondoka nikiwa na amani. Februari tabibu alikuwa semina wilayani; muuguzi akatupatia dawa ile ile bila kupima, kwa kuwa mashine ilikuwa imeishiwa betri. Machi alikuwapo tabibu wa kushikilia nafasi kutoka zahanati nyingine, ambaye alisoma ukurasa wa mwisho wa daftari tu, akaona presha bado iko juu, akabadilisha dawa kuwa amlodipini, na wala hakusema kama ile ya kwanza iendelee au iachwe. Mama akaacha ya kwanza. Aprili ikawa mvua. Mei tulirudi na 186/108, na tabibu wetu wa awali, kwa uso uliojaa masikitiko ya kweli, aliuliza: "Mama, kwani ulikuwa wapi siku zote hizi?" Mama akamjibu, "Nilikuwapo, baba. Ni nyinyi mliobadilika kila nilipokuja."

Katika maneno hayo hakukuwa na hasira, na tabibu hakuyachukulia kwa hasira. Lakini ndiyo maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu kasoro ya huduma ya msingi nchini kwetu.

Kuhusu upimaji wenyewe ninataka kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo dogo linaloamua mambo makubwa. Presha haipimwi kwa mtu aliyetoka kupanda kilima. Mgonjwa anatakiwa aketi kwa utulivu kwa dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ulingane na unene wa mkono wake. Katika mara kumi na moja, mama alipimwa mara nane, na utaratibu huo ulifuatwa kikamilifu mara tatu. Mara nyingine alipimwa akiwa amesimama mlangoni, au akiwa anaulizwa maswali na kujibu. Tofauti ya vipimo inayoletwa na uzembe huo inaweza kutosha kumwongezea mtu dawa asiyoihitaji, au kumnyima anayoihitaji. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika kijiji chenye mamia ya watu wazima, zahanati yenye mashine moja inayotegemea betri za kununua dukani haijapewa silaha inayolingana na adui huyo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikukosekana hata siku moja niliyokuwapo, wala dawa mseto. Ninafurahi kwamba ni hivyo, na ninasikitika kwamba betri za mashine ya presha hazina mtu wa kuzikumbuka.

Upande wa dawa nitasema kwa kifupi. Kati ya mara kumi na moja, dawa ya mama ilikuwapo dirishani mara saba. Mara nne tulielekezwa kununua, na tulinunua katika duka la dawa muhimu lililopo senta ya kijiji, moja ya maduka ya mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ili wananchi wa vijijini wapate dawa kutoka kwa muuzaji aliyepewa mafunzo. Muuzaji wetu ni mtu makini. Hata hivyo, dawa ya kununua hubadilisha tabia ya mgonjwa. Niligundua mwezi Juni kwamba mama alikuwa akimeza kidonge siku moja na kuacha siku inayofuata, ili vidonge thelathini vitoshe miezi miwili, na hakuna mtu katika zahanati aliyekuwa ameona kwamba hesabu za tarehe hazilingani. Kitabu cha 5 hakiwezi kuliona jambo hilo. Kitabu cha mjamzito kingeliona ndani ya wiki nne.

Rufaa ilikuja Julai. Mwongozo wa taifa wa matibabu huipa kila dawa herufi ya ngazi yake, A ikiwa ya zahanati, B ya kituo cha afya, C ya hospitali ya wilaya na kuendelea, na tabibu alitueleza waziwazi kwamba kwa hali ya mama alihitaji vipimo vya figo na pengine dawa ambazo yeye haruhusiwi kuziweka dirishani kwake. Aliandika barua ya rufaa yenye maelezo kamili, kwa mwandiko unaosomeka, na ninaihesabu barua ile kuwa moja ya vitu bora nilivyoviona mwaka huo. Kituo cha afya kilitupokea vizuri. Maabara yake ilifanya kazi, daktari kijana alimpima mama kwa muda mrefu, na tuliporudi Agosti kuchukua majibu tuliambiwa kwamba figo ziko salama. Tatizo lilikuwa safari ya kurudi. Barua inapanda, lakini majibu hayashuki. Daktari aliandika matokeo katika daftari la mama, na zahanati isingejua lolote kama mama angelisahau daftari hilo kwenye basi. Halafu kuna gharama: bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi makao ya kata ile, chakula cha mchana, na siku nzima ya shamba iliyopotea. Mgonjwa asiye na mtoto wa kumsindikiza asingekwenda mara ya pili, na wengi hawaendi.

Kuhusu malipo, mama yumo katika Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulianzia Igunga mwaka 1996 na, ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa uzoefu wetu kadi ilikubaliwa bila usumbufu, na zahanati haikututoza fedha ya kumwona tabibu hata mara moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inakusudia kumfikisha kila mkazi ndani ya bima, na hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ninaomba tu wasimamizi wake wafahamu kwamba kadi inalipia kuonana na mtu, na kwamba kuonana na watu watano tofauti wasiojua mwenzao alifanya nini ni gharama inayolipwa mara tano.

Katika nchi nyingine jambo hili limepimwa kwa makini. Mapitio ya tafiti 22 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta kwamba 18 kati yake zilionyesha vifo vichache miongoni mwa wagonjwa wanaoonana na daktari yule yule kwa muda. Norway, ambako tangu 2001 kila mkazi ana haki ya kuwa na daktari wake wa kudumu, watafiti walifuatilia kumbukumbu za watu wapatao milioni 4.5, na wale waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki kwa asilimia 25 ikilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini ya hapo. Ninafahamu kwamba hatuwezi kumpa kila Mtanzania daktari wake kesho, wala sidai hivyo. Tabibu wetu mmoja anahudumia kijiji kizima, na bado anahesabiwa kuwa wa kutosha. Lakini faida hiyo haitokani na cheo cha daktari peke yake. Inatokana na kwamba yupo mtu anayekujua, na pale mtu huyo anapohama, yapo maandishi yanayokujua kwa niaba yake.

Hilo nililiona kwa macho yangu kuanzia Septemba. Muuguzi wa zahanati, yule yule wa upande wa wajawazito, alinunua kwa fedha yake kaunta buku yenye jalada gumu. Alichora mistari kwa rula kama ya kitabu cha 6: jina, kitongoji, namba ya simu ya ndugu wa karibu, dawa, kisha miezi kumi na miwili kwenda kulia, kila mwezi na kisanduku cha presha na kisanduku cha tarehe ya kurudi. Aliwaandika wagonjwa wote wa presha na kisukari aliowafahamu, akawapangia siku ya Alhamisi, na kuwaomba wazee wa vitongoji wawatangazie wengine. Mara ya kwanza walifika 9. Mwezi uliofuata walifika 31. Mama alikuwa mstari wa 4, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule aliingia chumbani akaulizwa, kabla hajaketi, "Mama, vile vidonge vya usiku vinaendelea kukufanya miguu ijae?" Oktoba presha yake ilikuwa 142/88. Novemba ilikuwa 136/84, na ilipimwa baada ya dakika tano za kuketi, kwa sababu siku ya Alhamisi benchi ni la wenye presha peke yao na hakuna anayewaharakisha.

Kaunta buku ile haikuhitaji mfadhili wala warsha. Ilihitaji mtu aliyezoea kufanya kazi na kitabu chenye kumbukumbu, akajiuliza kwa nini wagonjwa wengine hawana cha kwao. Laiti ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na wale wanaoandaa vitabu vya MTUHA, au na wale wanaojenga mifumo ya kompyuta ambayo tayari imefika katika vituo vingi, ningewaomba jambo hilo moja kabla ya mengine yote: mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja wa ugonjwa wa kudumu, unaoonyesha mwezi alioukosa. Mfumo wa kompyuta unaotoa risiti na kuhesabu wagonjwa bila kuonyesha nani hakuja utakuwa ni kitabu cha 5 kilichowekewa umeme.

Wapo pia wa kumfuata asiyekuja. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwapata na kuwafundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume. Kijiji chetu hakijawapata bado. Watakapofika, ningependa wakabidhiwe orodha ya majina siku ya kwanza, maana mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba bila kujua ni nani mwenye presha atagawa elimu nzuri kwa wasioihitaji na kumpita jirani aliyeishiwa vidonge. Fedha za vifaa vidogo zipo pia karibu zaidi kuliko zamani, kwa kuwa tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, hutumwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe wanakijiji, hushiriki kupanga matumizi. Niliwaomba wajumbe wawili ninaowafahamu waweke betri na mashine ya pili ya presha katika mpango wa robo ijayo. Walikubali kulifikisha kikaoni.

Kwa msomaji anayejiuliza kama ampeleke mzazi wake katika zahanati ya kijiji au ampakie kwenye basi hadi hospitali kubwa kila mwezi, ushauri wangu ni aanze na zahanati, kwa masharti. Anunue daftari la jalada gumu na kulifunika kwa plastiki. Kila ukurasa aandike juu yake dawa zote zinazoendelea, maana tabibu mgeni atasoma ukurasa wa mwisho tu. Apige picha kurasa hizo kwa simu. Amwombe mpimaji, kwa adabu, mzazi aketi kidogo kabla ya kufungwa mkanda. Hakuna aliyetukatalia ombi hilo. Na aulize jina la mtumishi atakayekuwapo mwezi ujao, hata kama jibu litakuwa hajulikani.

Mwishoni mwa Novemba yule muuguzi alipata uhamisho wa kwenda wilaya nyingine kumfuata mumewe. Tulipofika Alhamisi ya pili ya Desemba, chumbani alikuwapo kijana aliyeripoti kazini siku sita kabla. Alimwamkia mama vizuri, akafungua kitabu cha 5, akauliza jina, na kuanza kuandika mstari mpya. Mama alimwacha amalize jina, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye rafu, ambako kaunta buku ilikuwa imelazwa chini ya boksi la glavu.

"Mwanangu," alisema, "acha hicho. Fungua kile. Mimi ni wa nne."

Kijana akaivuta, akapuliza vumbi, akafuata mistari kwa kidole hadi akalifikia jina, na kwa muda alikaa kimya akisoma kutoka Septemba kwenda kulia. Kisha akaiweka kalamu mezani na kumwomba mama aketi kwa dakika tano.